Viti Laini vya Boti la Hubert

Boti juu ya mlima ni kichekesho, na watu wa Bunia walilicheka la Hubert miaka mingi. Lilikaa nyuma ya nyumba yake, juu ya magurudumu yaliyokwisha upepo, kuku wakitagia ndani, na mvua ikinyesha sana majirani walitega ndoo chini ya tundu lake wapate maji ya kufulia. Lilikuwa dogo, la plastiki ngumu iliyochanganywa na nyuzi za kioo, mali ya Wazungu fulani waliokuja zamani na mradi wa samaki wakaondoka bila kuaga. Hubert alilinunua kwa bei ya kutupa, akalipandisha kutoka ziwani kwa lori lake, kisha akalisahau. Tajiri ana haki ya kusahau vitu.

Lakini mwaka ule wa 2003, habari ilipoenea kwamba askari wa Uganda wanafunga mizigo, na kwamba mji utabaki mikononi mwa vijana wenye bunduki waugombanie wenyewe, kicheko kilikatika. Barabara ya kwenda Beni ilikuwa imejaa vizuizi, na kwenye kizuizi mtu aliulizwa jina kwanza, mengine baadaye. Ndege zilikuwa za wenye kujulikana. Likabaki ziwa. Mitumbwi ya Kasenyi, kijiji cha ufukoni, ilivusha watu kwa dola, kichwa kwa kichwa, na asiye na dola alikaa kwenye mchanga akiwapungia wenzake.

Katsuva hakuwa na dola. Alikuwa fundi wa viti vya magari, mtu wa Butembo aliyekuja Bunia kijana akaoa hapo hapo. Duka lake lilikuwa limevunjwa na vijana hao hao wenye bunduki, wakabeba skai, ile ngozi ya bandia ya viti, wakabeba mikasi, wakabeba cherehani moja kati ya mbili. Ya pili ilinusurika kwa sababu mkewe, Alphonsine, aliifunika nguo chafu za mtoto akaikalia. Watu wa kwao Katsuva walikuwa wameshakokotwa majumbani mara moja, na kila mmoja alijua kwamba Waganda wakiondoka itakuwa mara ya pili. Kwa hiyo Hubert alipomwita, hakwenda, alikimbia.

"Fundi, unaona hii boti," Hubert alisema. Alikuwa mfanyabiashara wa samaki na mafuta ya gari, rafiki wa kila komanda kwa kuwa kila komanda alihitaji mafuta. "Iko na tundu pale chini, na viti yote imeoza. Utanitengenezea. Siku ya kwenda, weye na muke yako na mutoto muko na nafasi yenu ndani. Mupaka ng'ambo, ku Uganda."

"Patron, miye ni fundi ya viti. Boti sijagusa hata siku moja."

"Hii boti haina viti?"

"Iko nayo."

"Sasa unanipigia kelele ya nini?"

Katsuva alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetukanwa na mwenye kumpa chakula. Kutoka Uganda angezunguka na familia yake hadi mpaka wa Kasindi, aingie Butembo kwa baba yake. Hesabu haikuwa ngumu. Boti likipona, mtoto wake amepona.

Tundu lilimtesa. Kila alipoisugua plastiki kwa msasa, vumbi la kioo lilimwingia kwenye ngozi ya mikono na shingo, akajikuna hadi damu. Jioni Alphonsine alimpaka mafuta ya mawese, hayakusaidia kitu. Gundi ya kuzibia aliipata kwa makanika mmoja aliyekuwa akiziba vichwa vya malori. Kiraka cha kwanza hakikukauka, kilibaki kunata kama uji. Cha pili kiliganda ndani ya kopo kabla hajakipaka. Cha tatu kilishika. Akakigonga kwa nyundo, kikalia vizuri, naye akakaa chini kwenye majani akashusha pumzi.

Félicité, mke wa Hubert, alikuwa ametoa kiti chake barazani asimamie kazi. Alphonsine, aliyekuja na cherehani yake kushona, aliishia kufua. "Mama Plamedi, kwa vile uko hapa hapa," Félicité alimwambia, akamsukumia beseni kwa mguu. Alphonsine akafua. Chakula walipewa nyuma, kwenye ngazi ya jiko, sahani moja watu watatu, na binti yao Plamedi akaambiwa asiingie ndani na miguu ile. Miguu yenyewe ilikuwa na udongo wa ua wa Hubert, lakini nani angesema?

Aliyekuwa hajui mipaka hiyo ni Lydie tu, kitinda mimba wa nyumba. Yeye na Plamedi walikuwa wa umri mmoja, umri wa kung'oka meno, na kutwa walipanda ndani ya boti wakasafiri bila kutoka uani. Walifika Kampala, walifika Ulaya, na wakirudi walimletea Katsuva zawadi za majani. Yeye alizipokea, akazitia mfukoni kwa heshima, akasema aksanti, Madame Lydie.

Kisha zikaja siku za viti, na hapo Katsuva akawa mwanamume tena. Mtu huyu hakuweza kupita karibu na kiti kilichochanika bila kutia kidole ndani aone aliyekijaza alikuwa fundi au mwizi. Félicité alileta skai nyekundu aliyoinunua zamani kwa ajili ya makochi ya sebuleni, na godoro zima la sponji nzuri.

"Nisikae ku mbao, sawa vile ku kanisa," alisema. "Miye mugongo inaniuma. Unifanyie kiti ya salon."

Katsuva alipong'oa mbao za zamani alikuta chini yake masanduku ya plastiki ile ile, yamefunikwa na kuzibwa pande zote. Akayakata kwa msumeno. Yalikuwa yamejazwa sponji ya manjano, kavu, ngumu kama mkate wa juma lililopita. Akaibonyeza kwa kidole gumba. Haikubonyea. Katika maisha yake yote ya ufundi hakuwahi kuona kiti kilichojazwa vibaya namna ile, na ilimfurahisha, kama inavyomfurahisha fundi yeyote kukuta upuuzi wa fundi mwingine.

"Angalia kazi ya Bazungu," alimwambia mkewe. "Banafungia mousse ndani ya sanduku, halafu juu banapiga mbao. Sasa matako itasikia nini?"

"Pengine iko na maana yake," Alphonsine alisema bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Maana gani? Mousse ni ya kukalia. Hii hata mbwa haiwezi kulalia."

Akaitoa yote, ya viti vitatu na ya puani mwa boti, hadi lundo likamfika kiunoni. Mlinzi wa Hubert akalichoma pamoja na takataka. Moshi wake ulikuwa mweusi, majirani wakatukana kutoka nyuma ya ua, na kufikia saa sita palikuwa na doa tu juu ya majani.

Kisha Katsuva akakata godoro, akalipanga tabaka kwa tabaka, nene katikati na jembamba ukingoni, akavuta skai hadi ikalia. Alphonsine alipiga mshono mara mbili na kufunika vifungo kwa skai hiyo hiyo. Masanduku yaliyobaki matupu Katsuva hakuyaacha hivi hivi. Aliyawekea bawaba na vifuniko.

"Madame, humu munaweza kuweka sahani, viatu, kila kitu," alisema, akifungua na kufunga kama mtu wa dukani.

Félicité alikaa. Akajitingisha. Akakaa tena upande wa pili. "Katsuva," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina, "weye iko fundi." Siku ile walipewa nyama, na kila mtu na sahani yake. Njiani kurudi nyumbani Katsuva hakujikuna hata mara moja. "Umeona?" alimwambia mkewe. "Mutu anajua kazi yake, banamuheshimu." Alphonsine, aliyekuwa na mikono iliyovimba kwa sabuni, alisema ndiyo, ameona.

Walishuka ziwani asubuhi ambayo malori ya Waganda yalikuwa tayari yamepanga mstari kuelekea nje ya mji. Hubert, Félicité, mama yake Félicité na watoto wanne walijibana ndani ya kichwa cha lori na kwenye magodoro nyuma. Boti lilifungwa juu ya magurudumu mapya na kuvutwa. Katsuva na familia yake waliambiwa wapande humo ndani ya boti, walilinde.

"Lakini musikalie viti," Félicité alisema. "Itachafuka." Na kweli alikuwa ameifunika skai kwa mashuka. Hivyo mtu aliyetengeneza viti vile alishuka mteremko wote wa Kasenyi akiwa amechuchumaa sakafuni kando yake, amemshika mtoto asirushwe na mashimo ya barabara.

Kwenye kila kizuizi Hubert alitoa kichwa nje. "Hawa ni boyi yangu na muke yake," alisema, na vijana waliangalia sura ya Katsuva, wakaangalia dumu la mafuta waliloletewa, wakainua kamba. Katsuva aliangalia miguu yake. Boyi ni neno zuri likikuvusha. Alimwona Alphonsine akimwangalia, akajua kwamba naye amelisikia kila mara, na kwamba hatalitaja kamwe.

Ufuko ulikuwa umejaa watu na mbuzi na makochi. Mitumbwi ilikuwa ikiondoka imelemewa hadi ukingoni. Boti la Hubert liliposukumwa majini watu waligeuka kutazama, kwa kuwa wekundu wa viti uliochungulia chini ya mashuka ulionekana kutoka mbali, na kiraka cha Katsuva hakikuingiza hata tone. Alisimama kwenye maji ya magotini, amelishika kama mtu aliyeshika ng'ombe wake mnadani. Kwa muda ule mfupi alikuwa na furaha, na si haba.

Hubert hakujua kuendesha, akamwajiri mvuvi wa pale pale, Isidore, mtu mkimya mwenye miguu iliyopasuka. Isidore alifunga mota, akazunguka boti, akagonga masanduku chini ya viti kwa vidole. Akafungua moja, akakuta sahani. Akafungua la pili: viatu, redio, pasi. Akafunga taratibu, akamwita Katsuva kando.

"Nani alitengeneza hii?"

"Ni miye."

"Mousse ya ndani ulipeleka wapi?"

"Ile ya nguvu? Tulichoma."

Isidore aligonga ubavu wa boti. "Kaka, ile haikuwa ya kukalia. Hii boti si mubao. Mutumbwi ikijaa maji, inaelea, batu banashika. Hii ikijaa, ni ile mousse ndiyo inaibeba. Umeitoa. Sasa wimbi mbili zikiingia, inakwenda chini na mota yake, na hakuna kitu ya kushika."

Katsuva alihisi mikono ikimwasha upya, yote miwili, hadi mabegani. Alitaka kusema kwamba sponji ni kitu anachokijua, kwamba ameishi kwa sponji. Watu wa mlimani tunajua sponji ya kukalia, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba iko nyingine.

"Tufanye nini?" aliuliza.

"Bidon. Bidon tupu ya mafuta, tufunge nguvu, tujaze masanduku yote. Hapa bidon iko mingi. Lakini vitu ya Madame itoke." Isidore akatema mate majini. "Ao unyamaze. Asubuhi ziwa inalala. Mara mingi tunavuka tu."

"Na weye, mbona humuambii Patron?"

"Miye najua kuogelea," Isidore alisema, bila ubaya wowote.

Wengine walikuwa wamekwisha kupanda. Mama yake Félicité alikuwa mbele, amejifunga kitenge kichwani. Alphonsine alikuwa chini, sakafuni, Plamedi katikati ya magoti yake, na Lydie ameshusha mkono kutoka kiti chekundu kumshika rafiki yake nywele. Akinyamaza, mkewe na mtoto wake wako safarini. Akisema, Hubert ataita wale vijana, au atacheka, au atashusha sahani na kujaza madumu. Na akinyamaza na upepo ukaamka? Katsuva alimwona Plamedi akicheka na pengo lake la meno, na mdomo wake ukafunguka wenyewe.

"Patron. Kuko kosa moja. Ni yangu."

Alieleza yote, amesimama majini, mbele ya watu, na hakujitetea. Alisema bidon. Alisema haitachukua muda, yeye mwenyewe atazitafuta, atazifunga, atazijaza.

Hubert hakupiga kelele. Labda angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alikuwa mtu wa biashara, na mtu wa biashara akisikia mzigo umezidi, haulizi ni kosa la nani, anauliza kipi kishuke.

"Sahani ya mama yangu ibaki ku muchanga?" Félicité alisema. "Batu baibe? Na redio? Na tukifika kule tutakulia ndani ya nini?"

Hubert alimgeukia Isidore. "Tukipunguza uzito?"

"Ikikuwa nyepesi, itakaa juu ya maji. Wimbi haitaingia mbio."

"Basi." Hubert akashusha pumzi kama mtu aliyemaliza jambo. "Fundi, ni weye uliharibu. Sitakudai kitu. Lakini batu yako bashuke."

"Patron, tulipatana."

"Tulipatana unitengenezee boti. Umenitengenezea?"

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwaka ule, huku kwetu, watu walikuwa wameshika ile nusu ya kwanza tu. Kosa lilikuwa la Katsuva kweli, na ukweli ameutoa yeye mwenyewe kinywani. Akashika ukingo wa boti kwa mikono miwili.

"Mutoto peke yake, Patron. Ni mwepesi. Hata kilo makumi mbili hana."

"Na kule nani atamulisha?" Félicité aliuliza, akiwa anakunja shuka kutoka kwenye kiti ili akae.

Alphonsine hakungoja kushushwa. Alisimama, akampandisha Plamedi kiunoni, akaingia majini na nguo zake zote. Aliyelia ni Lydie. Hubert, kwa adabu, aliwainulia kifurushi chao akakiweka juu ya kichwa cha Alphonsine kisilowe, na akamwambia awe na moyo. Kisha Isidore akavuta kamba ya mota, ikaitika mara ya pili, na boti likaondoka, jepesi, pua juu. Viti vyekundu vilionekana kwa muda mrefu sana.

Walikaa kwenye mchanga, mahali wanawake hukaushia samaki. Lori lilikuwa limekwisha kupanda mlima na dereva wake. Kutoka upande wa Bunia, kila upepo ulipogeuka, milio ilisikika, mizito kwanza, kisha midogo midogo. Watu waliokuwa wakishuka walisema mji umeshika moto, wakataja mitaa, na mtaa wao ulikuwemo.

"Ungenyamaza," Alphonsine alisema. Hakuwa amekasirika, au hasira ilikuwa imempita.

"Ingezama."

"Pengine."

"Mama Plamedi, ingezama na mutoto ndani."

"Nimesema pengine. Ku Bunia hakuna pengine."

Plamedi aliuliza lini boti litarudi kuwachukua. Kisha akaenda kuokota magamba ya samaki.

Kesho yake, jua likiwa limepanda, mtumbwi uliingia kutoka ng'ambo kuja kuchukua wenye dola. Alphonsine ndiye aliyesimama kwenda kuuliza. Katsuva alibaki amekaa, lakini alisikia kila neno.

"Ile ya viti nyekundu?" mwenye mtumbwi alisema. "Ilifika. Ziwa ilikuwa kimya kabisa. Batoto balikuwa banaimba."

Alphonsine alirudi. Alikunja kitenge walichokilalia, akafunga kifurushi, akafungua, akafunga tena. "Ilifika," alisema. "Nafasi ilikuwako." Hakumwangalia mumewe usoni, na Katsuva alijua kwamba neno hilo atakula nalo, atalala nalo, Bunia au Butembo au popote Mungu atakapowatupa, kama watatupwa wakiwa hai.

Alipaswa kumshukuru Mungu. Mle ndani kulikuwa na bibi kizee na watoto wanne, na mmoja wao alimletea majani kutoka Ulaya. Alijaribu kushukuru, akaanza hata maneno ya sala, lakini maneno yalikataa. Kwani tangu jana, usiku wote ule, amelala macho karibu na mkewe, alikuwa amelizamisha lile boti akilini. Alilizamisha mara nyingi, kwa wimbi, kwa upepo, kwa uzito wa sahani. Kila mara Lydie alikuwemo, na kila mara Alphonsine alimgeukia akamshika mkono, akamwambia, Papa Plamedi, kumbe ulisema kweli.